Mkao wa Gari na Ahadi Yake



Wapo miongoni mwetu hapa Uingereza, vijana na hata watu wa makamo kama sisi, waliovutwa na magari ya kizamani. Gari likishapakwa rangi na kung'aa, swali linalofuata huwa ni lile lile: tulishushe kiasi gani, na tufunge springi na shokapu zipi? Wengi hulichukulia kuwa ni swali la spana na mfuko. Sisi tunaliona kuwa ni swali la maadili pia, na tungependa kueleza kwa nini.

Tuchukue mfano wa Morris Minor, gari ambalo wengi wetu tuliliona utotoni na ambalo bado hupita katika barabara za hapa. Lilitoka mwaka 1948, kazi ya mhandisi Alec Issigonis, na hadi lilipoachwa kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalikuwa yameuzwa zaidi ya milioni moja na nusu. Mbele limebebwa na fito ndefu za chuma ambazo hujisokota gurudumu linapopanda. Nyuma limebebwa na springi za mapande ya chuma bapa yaliyolaliana. Shokapu zake za asili si za bomba kama tulizozizoea, bali zina mkono unaosukuma mafuta ndani ya kasha la chuma.

Wapo wanaosema gari kama hili lisiguswe hata skrubu moja, na hoja yao ni ile methali yetu: mwacha asili ni mtumwa. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini gari lenyewe linaipinga. Kabla halijaanza kuuzwa, Issigonis alilitazama gari la majaribio akaliona ni jembamba mno. Akaagiza likatwe katikati kwa urefu, na nusu mbili zikasogezwa mbali mpaka jicho lake likaridhika. Nafasi iliyopatikana ilikuwa inchi 4, yaani kama sentimita 10. Ule ukanda ulioinuka katikati ya boneti ndio alama ya kazi hiyo mpaka leo. Aliyeanza kudai alikuwa ni jicho, lakini barabara nayo ilifaidika, kwani gari lenye magurudumu yaliyotanuka husimama imara zaidi kwenye kona. Asili tunayoambiwa tusiiguse, basi, ilikuwa yenyewe ni marekebisho.

Kwa hiyo hatuna ugomvi na jicho. Ugomvi wetu ni na udanganyifu. Gari lililoshushwa hutoa ahadi kwa kila anayelitazama: kwamba litashika barabara, litatii usukani, halitapepesuka. Swali ni je, ahadi hiyo inatimizwa huko chini?

Kulishusha Minor ni jambo jepesi. Nyuma, huwekwa kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Mbele, fito hufunguliwa na kufungwa upya katika meno yake. Kazi ya siku moja, na mkao umebadilika. Lakini gurudumu limepoteza nafasi ya kupanda. Springi zikibaki laini zile zile, shimo dogo tu litalifikisha gurudumu kwenye kizuizi, na hapo gari huruka badala ya kushika. Pembe za magurudumu nazo hubadilika, tairi likaanza kulika upande mmoja, na usukani ukaanza kuvuta kila gari linapopita kwenye tuta. Hivyo gari linaonekana la mbio, nalo limekuwa baya kuliko lilivyotoka kiwandani. Wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kuna na jambo lisiloonekana kabisa. Chini ya gurudumu la mbele la Minor kuna kiungio chenye nyuzi kama za bolti, kiitwacho tranioni, ambacho kinataka grisi kila baada ya maili elfu chache. Kikikosa, nyuzi zake hulika kimya kimya mpaka siku kinapochomoka na gurudumu kulala chini ya gari. Hakuna anayepiga picha ya tranioni iliyotiwa grisi. Hata hivyo roho za waliomo ndani, na za wanaovuka barabara, zinaning'inia hapo kuliko kwenye rangi na mkao.

Tangu Mei 2018, magari mengi ya hapa yaliyotimiza miaka 40, ikiwa hayakufanyiwa mabadiliko makubwa, yamesamehewa ukaguzi wa kila mwaka. Sheria bado inadai yawe salama barabarani, lakini hakuna mkaguzi wa kuyainamia. Hapa ndipo maadili yanapoanza, kwani kutenda haki mbele ya mkaguzi ni utiifu tu.

Nyumbani tuliwaona mafundi wakifanya kinyume chake: wakiongeza pande moja au mawili kwenye springi za nyuma ili gari libebe zaidi. Wao walifuata haja ya mzigo, si jicho. Lakini springi iliyoongezwa haikuongeza breki, na abiria hakuambiwa. Kosa ni lile lile: kubadilisha kinachoonekana au kinacholipa, na kuacha kinacholinda.

Ushauri wetu ni huu. Kwanza rudisha vilivyochakaa, yaani bushi, viungio na shokapu, kisha liendeshe gari kwa muda kama alivyokusudia aliyelibuni, usirekebishe usichokijua. Pili, weka matairi mazuri na breki zinazolingana na mwendo unaoutaka. Ndipo uje kwenye shokapu za bomba na springi ngumu zaidi, na mwisho kabisa ulishushe, kidogo, na pembe za magurudumu zipimwe upya. Funga kwa bolti panapowezekana, usikate, na vifaa vya asili uvihifadhi kwenye sanduku, kwa sababu gari hili lilikuwa na wenyewe kabla yako na litakuwa na wengine baada yako. Mwambie kampuni ya bima ulichokibadilisha. Siku ya kuliuza, mwambie mnunuzi.

Na sisi tuliohama tunalijua swali hili hata bila gari. Kila mmoja wetu amebadilisha mkao wake ili akubalike katika barabara za ugenini: mavazi, matamshi, hata jina lilivyofupishwa kazini. Hilo peke yake si usaliti. La kujiuliza ni kama chini ya mkao huo mpya kile kinachotubeba bado kinapata grisi: neno tunalolitoa, deni tunalolilipa, mzee tunayempigia simu hata asipokuwa na la kutupa.