Wewe Unayo Biblia, Ifungue

Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, Buganda, hakuna malaika aliyeshuka kuuzima moto. Kabaka Mwanga alikuwa ameamuru wachomwe, wakachomwa, Wakatoliki kwa Waanglikana, wengi wao vijana waliotumika katika nyumba ya mfalme. Imani yao ilikuwa na umri wa miaka michache tu. Ukitaka kujua walisimama kwa nguvu gani, angalia jina ambalo Waganda waliwapa waumini hao: wasomaji. Injili za Kiswahili zilisomwa Buganda kabla ya kupatikana za Kiganda. Kisha zikaja kurasa zilizochapwa kwa mtambo mdogo wa mmisionari Alexander Mackay, na kwa Wakatoliki katekisimu iliyokaririwa hadi ikawakaa moyoni. Muujiza wa kuwaokoa haukuja, lakini Neno lilikuwa limeshawafikia.

Ndugu yangu, Biblia nzima ya Kiswahili ipo tangu 1891. Ya kwako iko wapi sasa hivi?

Sisemi kwamba Mungu ameacha kutenda miujiza. Mwombee mgonjwa wako, na akipona, mshukuru Mungu kwa sauti mtaa mzima usikie. Ninachokikataa ni imani inayongoja ishara ndipo isimame. Mwezi Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi, wakisukumana ili wapate kukanyaga mafuta ya upako uwanjani. Walikuwa wamebeba shida za kweli, na moyo unaniuma kila ninapowakumbuka. Walistahili kulishwa Neno.

Waisraeli walivuka Bahari ya Shamu pakavu, na haukupita muda mrefu wakawa wanacheza mbele ya ndama wa dhahabu. Eliya aliona moto ukishuka Karmeli, kisha Yezebeli akatuma tishio moja tu, naye huyo akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Nabii mzima!

Lakini twende Luka 24, kwa maana hapo ndipo penyewe. Wanafunzi wawili wanatoka Yerusalemu kwenda Emau, nyuso zimewashuka. Anayeungana nao njiani ni Yesu mwenyewe, aliyefufuka siku ileile. Angewaonyesha mikono yake tu, huzuni ingekwisha palepale. Hakufanya hivyo. Macho yao yamezuiwa wasimtambue, naye anaanza na Musa, anapita kwa manabii wote, anawaeleza Maandiko huku wanatembea. Macho yalikuja kufumbuka baadaye, mezani, alipoumega mkate, na mara akatoweka. Sasa wasikilize wanazungumza nini wakiwa wamebaki wawili. Wanakumbushana jinsi mioyo yao ilivyowaka njiani, alipokuwa akiwafunulia Maandiko! Kisha wakainuka saa ileile, jua limeshatua, wakarudi Yerusalemu.

Moto huo haukuwa wa hao wawili peke yao. Yule tajiri wa Luka 16 aliomba mfu atumwe kwa ndugu zake watano ili watubu, na Ibrahimu akamkatalia: wanaye Musa, wanao manabii, wawasikilize hao. Na sisi tunao hao, pamoja na Injili nne na nyaraka za mitume.

Basi anza leo, usingoje mwaka mpya. Chukua Injili ya Marko. Ina sura 16, na ukiisoma kwa sauti mfululizo hutatumia hata saa mbili. Kama bibi haoni tena maandishi, mketishe karibu umsomee, na watoto wasogee. Usiridhike na mstari mmoja uliotumiwa asubuhi kwenye simu, maana mwenzako ndiye aliyeuchagua na hujui umetoka wapi. Usipoelewa, weka alama kwa penseli, umuulize mchungaji au katekista wako. Ukichoka, soma nusu sura, kesho uendelee ulipoishia.

Watu wa Beroya walimsikia Paulo, mtume ambaye mikono yake iliponya wagonjwa, na bado walikwenda kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama alichosema ndivyo kilivyo. Luka anawasifu kwa hilo. Kwa hiyo Jumapili hii mhubiri akitaja andiko, hata kama ni yule anayejaza viwanja, fungua palepale. Soma mistari iliyotangulia, soma inayofuata, na kama haisemi anachosema yeye, nenda ukamuulize.