Karibu, Nimeshiba

Ukitoka Kasese mjini kupanda njia ya Kilembe kuna hoteli moja ya watalii, jina lake tuliache. Meza zake ni mbao zisizopigwa randa, na ukutani wameandika kwa chaki kila chakula kimetoka wapi: samaki wa Katwe, parachichi za mlimani, kahawa ya Bukonzo, mbuzi wa kijiji cha jirani. Chakula hakiji sahani kwa mtu. Vinakuja visahani vidogo, kimoja kimoja, vinawekwa katikati ya meza, kila mtu anachota. Nilikuwa nimemaliza kutafsiri kwenye mkutano wa siku tatu, na wenye mkutano wakatupeleka pale watu watano. "Hapa tunakula kwa kugawana," mhudumu akatueleza, polepole, kama mtu anayefundisha jambo jipya.

Niliposimulia hayo Rwamwanja watu walicheka mpaka machozi. Mzee mmoja akaniuliza: "Yaani wanalipa pesa ili wale kidogo, tena sahani moja? Si wangekuja tu kwangu?" Na habari ya chakula kutoka shambani mpaka mezani, hiyo ndiyo kabisa hawakuona ajabu yake iko wapi. Kule Bukonzo mwenye kula bundu mara nyingi ndiye aliyeuchimba muhogo wake, akauloweka, akauanika, akautwanga. Hakuna anayeandika ukutani.

Nilicheka nao. Lakini pale mezani niliona jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Visahani vilikuwa saba au nane, na katika karibu kila kimoja kilibaki kipande kimoja. Watu watano tunakitazama, hakuna anayekigusa, mhudumu anakuja anakiondoa. Nikajiuliza, kwetu kipande cha mwisho huwa kinakwenda wapi? Kwetu kina mwenyewe. Ni cha mtoto mdogo kuliko wote, au cha yule aliyetoka safari, au cha yule ambaye mama amemtupia jicho bila kusema kitu. Hapo Kasese hapakuwa na mama wa kutupa jicho. Mwenye kulipa alikuwa ofisi. Hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia mwenzake "karibu", kwa sababu hakuna aliyekuwa mwenyeji. Na pasipokuwa na mwenye kusema karibu, hapawezi kuwa na mwenye kujibu "nimeshiba".

Maneno hayo mawili ndiyo nataka tuyaangalie.

Soko la Mpondwe ni Jumanne na Ijumaa. Asubuhi watu wanavuka mto Lhubiriha kutoka Kasindi, jioni wanarudi. Mto wenyewe si mkubwa. Upande huu watu wanaitwa Bakonzo, upande ule Banande, na lugha wanasikilizana bila mkalimani. Miaka ile kabla hatujakimbia, mama yangu alikuwa anakuja kuuza mafuta ya mawese, mimi nikimbebea madumu. Jioni tulipita Bwera, nyumbani kwa shangazi yangu, kumsalimia kabla ya kuvuka. Saa hizo wao wako uani, bundu umetengwa, wameuzunguka. "Karibuni, tule!" Na mama kila mara: "Wasingya, sisi tumeshiba." Mimi tumbo linalia. Tangu asubuhi tumekula ndizi moja moja. Namwangalia mama usoni, uso umetulia kabisa.

Basi tuulize. Je, mama alisema uongo?

Rafiki yangu mmoja ambaye ni mwalimu anasema ndiyo, tena ni uongo wa watu wawili. Shangazi anasema karibu huku anaomba moyoni wasije, maana bundu hautoshi. Mama anasema tumeshiba huku mtoto wake ana njaa. Anasema huo ni unafiki tu uliovaa nguo ya heshima. Kama watu wangesemezana kweli, anasema, mwenye njaa angekula na mwenye sufuria ndogo asingeona haya. Hoja yake si ya kudharau. Iko nyuma yake hata sauti kubwa kuliko yake: Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akija mlangoni kuuliza kama rafiki yako amejificha kwako, huna haki ya kumdanganya.

Sisi wenye kutoka Beni swali hilo hatukulisoma darasani. Tangu Oktoba 2014, wauaji walipoanza kuingia vijijini, liliulizwa milangoni kweli, na walioko hai wengine wako hai kwa sababu mtu alijibu "hayupo". Kwa hiyo Kant na mimi tunaachana hapo mapema. Ila sitaki kumwacha kabisa, kwa sababu mtu huyohuyo aliandika pia kwamba kula peke yako si kuzuri kwa mwanafalsafa, na kwamba walaji mezani wasipungue watatu wala wasizidi tisa. Aliijua meza. Nadhani tu hakuwahi kupita uani kwa watu saa ya kula, akiwa na njaa.

Uongo unaotisha ni ule wa kumchukulia mwenzako kitu: akili yake, mali yake, njia yake. "Nimeshiba" haichukui kitu kwa mtu. Anayelipa ni yule anayeisema. Na shangazi hadanganyiki. Anajua mama hajala, na mama anajua kwamba shangazi anajua. Sasa uongo ambao hakuna aliyedanganywa nao ni uongo wa namna gani?

Mimi naona "karibu" si taarifa ya kiasi kilichoko kwenye sufuria. Ni ahadi, kama kusema: mahali pako hapa papo. Na "nimeshiba" ni jibu la ahadi hiyo: nimepaona mahali pangu, leo nakuachia. Ahadi huwezi kuipima siku ambayo haidaiwi. Unaipima siku mtu anapokuja kukaa.

Sisi tulikuja kukaa. Tulivuka usiku, watu tisa, bila dumu hata moja, tukafika uani kwa shangazi alfajiri. Usiku ule mama hakusema tumeshiba. Shangazi hakusema hata karibu, alisogeza mkeka tu. Tulikaa pale wiki tano kabla ya kupelekwa Rwamwanja, na bundu wa watu sita ukaliwa na watu kumi na watano. Zile karibu zote za miaka, zile zilizojibiwa na tumeshiba, kumbe zilikuwa zinawekwa mahali. Ndiyo maana nasema: karibu ambayo ungeitimiza kwa maumivu si uongo. Uongo ni ile ambayo mtu akikaa utamfukuza.

Kuna anayesema basi ni wingi wa mikono kwenye sahani moja ndio unaofanya watu wapendane. Hapo naenda polepole. Sahani moja ina ukatili wake. Wahenga walisema ukila na kipofu usimguse mkono, na waliosema hivyo walijua kwamba kwenye sahani moja kuna mwenye kuona na asiyeona, kuna mwenye haraka na mwenye kutafuna taratibu. Mtoto wa kuletwa, yatima aliyepokelewa, anakula akiwa anahesabu matonge yake mwenyewe. Nimewaona. Kwa mtoto huyo mizani ya mgao ni rafiki: jina lake limeandikwa kwenye kadi, na kilo zake ni sawa na za mtoto wa kuzaa. Wazee wetu wanapenda kuisema vibaya ile foleni ya mizani, eti imetufanya tuhesabiane. Sikubaliani nao. Kuhesabu kunamlinda asiyeweza kunyoosha mkono.

Na tena, haya maneno mawili hayahitaji hata sahani moja. Tuliona wakati wa Ebola. Ilitangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, na Juni 2019 ikavuka mpaka, mtoto wa miaka mitano akafia hapo Bwera. Watu wakaacha kupeana mikono, kila mlango una ndoo ya maji ya dawa. Nilimtembelea shangazi miezi ile. Alikuwa amenunua mabakuli, kila mtu na lake, na bundu anaukata kwa upawa. Mtu akipita njiani, shangazi anapaza sauti kutoka mbali: "Karibu!" Mtu anajibu, "Nimeshiba!" bila kusimama. Hakuna aliyeweza kuja, na wote walijua hakuna wa kuja. Lakini hakuacha kuita.

Kilichokuja kuyabana maneno hayo kwa kweli ni mgao kupungua. Aprili 2020 WFP ilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda ukabaki asilimia 70, Februari 2021 ukawa 60. Kuanzia Julai 2023 tukagawanywa makundi matatu: wenye hali mbaya zaidi wakabaki na 60, wengi wetu 30, na wa kundi la tatu hawakupata kitu. Sisemi WFP ilikuwa na pesa ikazificha. Pesa za wafadhili hazikutosha. Nasema kilichotokea kwenye nyua zetu. Watu walianza kupikia ndani. Kisha wakaanza kula usiku, saa nne, saa tano, jirani akishalala. Moshi tu ndio unakwambia. Ukipita saa moja jioni, njia nzima milango imefungwa na hakuna anayekula, kwa hiyo hakuna wa kukuita.

Wengine wanasema tumekuwa wachoyo. Mimi nasema watu wanafunga mlango kwa sababu bado wanaiheshimu karibu. Mchoyo hafichi sahani yake, anakula mbele yako bila shida. Anayejificha ni yule anayejua kwamba ukimkuta atalazimika kukuita, na leo ukikaa hawezi. Hataki kusema ile karibu ya uongo. Ni uaminifu, lakini ni uaminifu unaotutenga, na sijui tutakula mafichoni miaka mingapi kabla watoto hawajaona kwamba kula ni jambo la kujificha.

Hapa niwageukie nyinyi wa mashirika, maana mnasoma pia. Kwenye mahojiano ya nyumba kwa nyumba kuna swali ambalo nimelitafsiri mara nyingi sana: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi watu wazima walipunguza kula ili watoto wale? Mama amekaa kwenye mkeka, watoto wamemzunguka, mwenye tableti anasubiri. Mama anajibu: "Hakuna siku." Tableti inaandika sifuri. Mimi nimekaa katikati na najua nilichokisikia. Mama hakuwa anamjibu mwenye tableti. Alikuwa anawajibu watoto. Kila usiku anawaambia "kuleni, mimi nimeshiba", na sasa mmemwomba akiri mbele yao kwamba huwa anadanganya. Nani angekiri? Mwiteni pembeni, nyuma ya nyumba, muulizeni huko.

Jambo la pili. Mnapofika nyumba hiyo mama anawaambia karibu, na kwenye majivu kuna viazi viwili. Mnasema hapana asante, hatuwezi, kanuni haziruhusu. Najua sababu ya kanuni na ni sababu nzuri, mtu anayeandika majina ya mgao asile vya watu. Lakini sikilizeni jinsi "haturuhusiwi" inavyosikika kwa aliyesema karibu. Haijibu ahadi yake. Inamwambia kwamba kwako yeye ni wa kupokea tu, mlango wake unafunguka upande mmoja. Kama huwezi kula, sema nimeshiba. Kanuni hazijavunjwa, viazi vimebaki kwa watoto, na umemjibu kama mtu aliyepita uani kwake. Atajua hujashiba. Hiyo si shida.

Nina binti wa miaka saba, amezaliwa Rwamwanja. Mwezi uliopita nilimtuma kwa jirani kurudisha sufuria, akawakuta, kwa bahati, wanakula mchana, mlango wazi. Wakamwita. Nilikuwa nyuma ya ua nasikia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu mzima kabisa: "Asanteni, nimeshiba." Hakuwa amekula tangu uji wa asubuhi, na hakuna aliyemfundisha. Alipofika akaniuliza kama amefanya vibaya, kwa sababu shuleni wameambiwa wasiseme uongo. Nikamwambia, mwalimu akikuuliza kama umekula, mwambie kweli. Bibi akikuuliza, mwambie kweli. "Na jirani?" Nikamuuliza walikuwa wangapi kwenye sahani. Akahesabu kwa vidole: sita, na mtoto mgongoni.