Uga wa Mbele na Haki ya Maji

Aghalabu mtu ajengapo nyumba, iwe mjini Migori au kwenye miinuko itazamayo ziwa huko Homa Bay, hushughulika mno na paa na milango, na ule uga wa mbele, ambao mpita njia huuona kabla hajamwona mwenyeji, huachiwa lantana na taka za upepo hata siku ya harusi au matanga. Nami naona kuwa jambo hili si la mapambo tu, bali ni la dini, kwa kuwa ardhi ni amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa aliifanyia nini.

Lakini aliyekwisha kuazimia kuutengeneza uga wake hukabiliwa na swali lililo gumu zaidi: je, ana haki ya kutaka uchanue mwaka mzima? Masika ya Machi hadi Mei hunawirisha kila kitu, na vuli nazo huja na neema yake. Bali Januari na Februari nchi ya kando ya ziwa hukauka hata nyasi zikawa manjano, na katika nyumba nyingi maji huja kwa mitungi iliyobebwa kichwani na wanawake na watoto. Kuyamwaga maji hayo juu ya mawaridi ili jirani astaajabu ni israfu, na kwa yule aliyeyabeba ni dhuluma. Wala sioni uzuri uwezao kusimama juu ya dhuluma.

Hata hivyo sikubaliani na wasemao kwamba, kwa sababu hiyo, uga uachwe mtupu. Mwenyezi Mungu hakuuweka uzuri wote katika msimu mmoja. Mwamba-ngoma, ambao Waluo huuita orembe, hupukutisha majani wakati wa ukavu, na katika uchi ule ule matawi yake hujaa maua mekundu, ndege chozi wakaja kunyonya utamu wake. Mshubiri huweka akiba ya maji katika majani yake manene. Na mnyaa, uliozungushiwa maboma ya Waluo tangu zamani, hubaki kijani miezi yote, ingawa utomvu wake huunguza macho, basi usipandwe wachezapo watoto. Kila mmoja una zamu yake, na kazi ya mtunza bustani ni kuzijua zamu hizo.

Waliojenga boma la mawe la Thimlich Ohinga, katika nchi ya Migori, yapata miaka 500 iliyopita, walipanga mawe bila udongo wala chokaa, na kuta zile, zilizotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, zingali zimesimama kwa kuwa kila jiwe lilipata mahali palipolifaa. Na mimea nayo yataka kuchaguliwa hivyo.

Atasema mtu kwamba ua haliliwi. Lakini Waislamu hufundishwa kuwa mti aliopanda mja, akila humo ndege au mnyama, huwa ni sadaka yake, na yule chozi hajui kama mti ni wa shambani au wa mlangoni.

Anayetaka kuanza asingoje fedha. Lantana ing'olewe pamoja na mizizi, kwani ikikatwa juu tu huchipuka tena. Kisha tawi la orembe lichomekwe ardhini mvua za Machi zinapokaribia.