Saa Mkononi, Moyo Kifuani

Geuza saa yoyote ya mazoezi uitazame upande wa chini, ule unaokaa kwenye ngozi. Utaona vitaa vidogo vya kijani vinavyopepesa. Kwa nini kijani? Jibu haliko kwa fundi wa saa, liko ndani ya damu. Himoglobini, ile protini yenye chuma inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake, hufyonza mwanga wa kijani kwa pupa. Moyo ukipiga, wimbi la damu hufika kwenye vishipa vya kifundo cha mkono. Vishipa vikijaa, mwanga mwingi humezwa na unaorudi hupungua. Wimbi likipita, unaorudi huongezeka. Kando ya vitaa kuna kijicho cha elektroniki kinachofuatilia kupungua na kuongezeka huko, nacho ndicho kinachokuambia kwamba moyo wako unapiga mara 148 kwa dakika. Fundi hakubuni alama ya kuhesabia. Aliikuta tayari, Muumba ameitia rangi kabla hapajakuwa na fundi wala saa.

Wanaoanza kukimbia huuliza saa ipi inunuliwe. Utawasikia alfajiri kwenye Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam, vikundi vya mbio vikipishana, wenye saa wakionyeshana mikono. Muuzaji wa Kariakoo atajibu kwa orodha ndefu: hii inapima usingizi, ile inapima uchovu, na hii nyingine, bosi wangu, inapima mpaka mawazo. Mimi humwambia anayeniuliza aanze na swali jingine: saa hiyo inapima nini hasa, na nini inakisia tu? Maana vitu inavyovipima kweli ni vichache mno. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye damu, mtikisiko wa mkono, muda wa mawimbi ya redio yanayotoka kwenye setilaiti, na baadhi ya saa hupima pia kanieneo ya hewa. Kalori ulizochoma, kina cha usingizi, saa za kupumzika kabla ya mazoezi mengine, kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, yote hayo ni hesabu zilizojengwa juu ya vitu hivyo vichache. Nyingine ni hesabu nzuri. Nyingine zisikunyime usingizi unaodaiwa kupimwa.

Turudi kwenye moyo, maana hapo ndipo penye ajabu kubwa na ndipo penye mtego mkubwa kwa mnunuzi.

Kwa karne nyingi watu walijua moyo unapiga bila kujua nani anaupigisha. Mwaka 1906, katika kijiji kimoja cha Kent, Uingereza, mwanafunzi wa udaktari Martin Flack alikuwa akichunguza moyo wa fuko chini ya hadubini. Akaona kijifundo cha seli za namna ya pekee pale mshipa mkubwa unapoingia kwenye chumba cha juu cha kulia. Yeye na mwalimu wake Arthur Keith walichapisha habari hiyo mwaka 1907. Seli hizo huzalisha msukumo wa umeme zenyewe, bila kungoja amri ya ubongo. Neva huweza kuziharakisha au kuzituliza, lakini haziziwashi. Kazi ya moyo huanza katika wiki ya nne baada ya mimba kutungwa, wakati mtoto hajawa hata na ukubwa wa punje ya mchele, na tangu hapo haina likizo: mapigo kama 100,000 kwa siku, usiku na mchana, mwenyewe akiwa macho au amelala. Nani kati yetu amewahi kuukumbusha moyo wake?

Na ukubwa wake ni wa ngumi tu. Mtu akiwa amekaa, moyo husukuma kama lita 5 kwa dakika, yaani damu yake yote kwa mzunguko mmoja. Akianza kukimbia kwa nguvu, kiasi hicho hufika lita 20. Kwa wakimbiaji waliokomaa hupita 30. Mazoezi ya miezi na miaka hupanua vyumba vya moyo, ukawa unatoa damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na ndiyo maana mkimbiaji mzoefu akipumzika moyo wake unaweza kupiga mara 40 tu kwa dakika pale wa jirani yake unapopiga 70.

Sasa mtego. Mkimbiaji hukanyaga chini kama mara 160 hadi 180 kwa dakika, na moyo wake akiwa mbioni unaweza kuwa katika idadi hiyohiyo. Mkono unatikisika, damu ndani ya vishipa inatikisika nao, na saa inaweza kuchanganyikiwa ikahesabu hatua zako ikidhani ni mapigo. Ukiona namba 172 tangu dakika ya pili ya mbio nyepesi, usikimbilie hospitali. Kaza mkanda kidogo, upandishe saa juu ya mfupa wa kifundo kwa upana wa vidole viwili, kisha tazama tena. Baridi nayo hudanganya: alfajiri ya Lushoto vishipa vya mkononi hujibana ili joto libaki tumboni na kifuani, na vitaa vinakosa cha kusoma.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Melanini, ile rangi ambayo Mungu ametuvika kuwa mwavuli dhidi ya jua kali la ikweta, nayo hufyonza mwanga wa kijani. Kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi mwanga unaorudi ni mdogo zaidi, na saa inalazimika kuongeza nguvu ya taa. Zipo zinazofanya hivyo vizuri na zipo zinazoshindwa. Usiridhike na picha ya kwenye boksi. Ivae dukani, panda ngazi mara mbili, kisha weka vidole viwili kwenye mshipa wa shingo uhesabu mwenyewe ulinganishe.

Anayetaka usahihi wa mapigo akiwa mbioni avae mkanda wa kifuani. Huo hautafuti mwanga. Unasikiliza umeme wenyewe, ule unaoanzia kwenye kijifundo alichokiona Flack. Kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1977 kule ambako watu hufanya mazoezi ya kuteleza thelujini, ndiyo iliyoutangulia ulimwengu kwa mikanda isiyo na nyaya. Ushauri wangu ni wa kibahili: saa ya bei ya kati pamoja na mkanda ni bora kuliko saa ya fahari peke yake. Hakikisha tu saa inakubali kuunganishwa na mkanda wa nje.

Na ukishanunua, usiamini viwango vya mapigo ambavyo saa imekupangia siku ya kwanza. Nyingi hutumia kanuni ya kuchukua 220 na kutoa umri, kanuni iliyoenea tangu mwaka 1971. Kwa wastani wa watu wengi inafaa. Kwa mtu mmoja inaweza kukosea kwa mapigo 10 na zaidi, juu au chini. Wawili wenye miaka 40 wanaweza kuwa na vilele vya 168 na 192, wote wazima, wote wakimbiaji. Mioyo haikufinyangwa kwa kalibu moja.

Kuhusu mtikisiko, sina haja ya kukueleza sana saa, nitakueleza sikio. Ndani kabisa ya kila sikio kuna vifuwele vidogo vya chokaa vilivyolala juu ya utando laini, na chini ya utando huo kuna seli zenye vinywele. Ukianza kwenda mbele, vifuwele hubaki nyuma kidogo kwa uzito wao, vinywele hupinda, na ubongo hujua umeondoka. Kipima mwendo kilichomo ndani ya saa yako kimejengwa kwa kanuni hiyohiyo: kiuzito kidogo cha silikoni kilichoshikwa na springi, kinachochelewa mkono unaposogea. Lakini sikio limeongeza kitu ambacho saa haina. Tikisa ukurasa huu mbele ya macho yako, herufi zitachanganyika. Sasa ushike ukurasa utulie, utikise kichwa kwa kasi ileile. Unasoma! Mifereji mitatu ya sikio inapeleka habari kwa misuli ya macho, macho yanageuka upande wa pili kwa wakati uleule, na dunia inatulia. Bila hilo, mkimbiaji angeiona barabara ikirukaruka kwa kila hatua, na sidhani angefika kilomita ya kwanza bila kutapika.

Njoo kwenye umbali. Setilaiti za GPS ziko juu yetu kama kilomita 20,200, na kila moja hutangaza saa yake. Saa ya mkononi hupokea matangazo ya setilaiti zisizopungua nne, hupima kila moja limechelewa kiasi gani, na kwa tofauti hizo hujua iko wapi. Mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde hukupeleka mita 300 mbali na ulipo. Saa gani inaweza kuaminiwa kiasi hicho? Ni saa za atomiki, zinazofuata mtetemo wa atomu za rubidi na sesi. Tangu mwaka 1967 sekunde yenyewe imefafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya atomu ya sesi. Atomu ya sesi iliyoko Dodoma haina tofauti hata chembe na iliyoko kwenye nyota ya mbali. Wanadamu wameshindwa kutengeneza rula mbili zinazofanana kabisa. Mwenyezi Mungu ametengeneza atomu zisizohesabika, zote kwa kipimo kimoja.

Hata saa hizo za atomiki zinahitaji kusahihishwa. Albert Einstein alionyesha kwamba wakati hauendi sawa kila mahali: kule juu, uvutano wa dunia ukiwa dhaifu, saa huenda haraka, na mwendo mkubwa wa setilaiti huichelewesha. Ukijumlisha yote mawili, saa ya setilaiti huitangulia ya ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kwa siku. Wahandisi wasingelifidia hilo, makosa yangejilimbikiza kwa kiasi cha kilomita 10 kila siku. Kwa hiyo anayekimbia kilomita 5 pale Coco Beach na kuona ramani yake imenyooka, anakimbia juu ya umbile la wakati wenyewe.

Kwa mnunuzi, somo ni fupi. Ukikimbia ufukweni au kwenye barabara zilizo wazi, saa ya kawaida inatosha. Ukikimbia katikati ya maghorofa ya Posta, mawimbi hugonga kuta na kufika kwa kuchelewa, nawe utaonekana umekatiza ndani ya benki. Hapo saa inayopokea masafa mawili ina thamani yake. Usianze kabla haijapata setilaiti. Na ukimaliza marathoni saa ikasema kilomita 42.6 badala ya 42.195, waache waandaaji na amani yao: njia hupimwa kwa mkato mfupi kuliko yote, nawe hukukata kila kona.

Kipimo cha kanieneo ya hewa kina maana kwa wa milimani, Moshi, Mbeya, au Iten kule Kenya, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Iten ina sehemu ileile ya oksijeni, asilimia 21, ila kanieneo yake imebaki kama robo tatu ya ile ya pwani. Figo huligundua hilo, hutoa homoni, na uboho wa mifupa huongeza chembe nyekundu. Mwenye mwili hakuagiza lolote. Wa Dar es Salaam asilipie kipimo hicho. Mlima wake mkubwa ni daraja.

Mengine yaamue haraka. Vitufe ni bora kuliko kioo cha kugusa peke yake, kwa sababu tuna tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4 na zote hufanya kazi kwa bidii huku kwetu. Kioo kisomeke juani. Betri izidi muda wa mbio zako ndefu GPS ikiwa imewashwa.

Namba ambayo ningeitaka kuliko zote ndiyo rahisi kuliko zote: mapigo ya kupumzika. Hata saa ya bei ndogo huipata vizuri, kwa kuwa mkono umetulia. Asiye na saa alale chali akiamka, kabla ya kukanyaga chini, aweke vidole viwili kwenye kifundo chini ya kidole gumba, ahesabu kwa sekunde 30, azidishe mara mbili, aandike kwenye daftari. Siku namba ikipanda sana kuliko kawaida yake, pengine kuna homa inakuja au usingizi haukutosha, na mbio za siku hiyo zinaweza kungoja kesho.