Hisabu ya Maji na Haki ya Mwenye Kuihitaji

Katika miji yetu ya pwani hapana asiyejua kuwa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kuwa kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Wazee wetu waliishika hisabu hii kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua, na baina yake ni maji mafu. Mvuvi, nahodha, na mama aendaye mwambani kutafuta pweza, wote waliishi kwa hisabu hiyo, wala hatukusikia mtu aliyedai kuwa ni mali yake peke yake. Mjukuu alifundishwa na babu yake, na jirani akamsikiliza jirani.

Hisabu ya wazee yamtosha mwenye mtumbwi. Haimtoshi mwenye meli nzito wala mjenzi wa gati, kwani hao wataka saa na dakika, na kimo cha maji kwa mita. Mombasa, siku za bamvua kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu huweza kuwa mita 1 tu. Kwa ajili hiyo maji ya bandari hupimwa saa kwa saa, mwaka mzima au zaidi, kisha vipimo vikagawanywa mafungu: fungu kubwa la mwezi, ambalo hurejea kila baada ya saa 12 na dakika 25, fungu la jua, kila baada ya saa 12, na mengine madogo madogo, hata shirika la bahari na anga la Marekani, NOAA, huhisabu mafungu 37. Mwenye kuyajua mafungu ya bandari fulani aweza kutaja maji yake ya miaka ijayo. Katika miaka ya 1870 William Thomson wa Glasgow aliubuni mtambo wa magurudumu wa kuyajumlisha. Leo kompyuta huimaliza kazi hiyo kwa nukta moja.

Ilimu hii haikuzaliwa katika nyumba moja. Abu Maashar wa Balkh, aliyefariki mwaka 886, aliandika kwa urefu habari za mwezi na maji ya bahari (pamoja na mambo ya unajimu ambayo sisi hatuyakubali), na kitabu chake kikatafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, Wazungu wakakisoma na kufaidika nacho. Basi asituambie mtu leo kuwa ilimu ya maji ina kabila.

Mmoja katika waliotaka hisabu hii irejee kuwa ya watu wote ni David Flater wa Marekani, mwandishi wa programu iitwayo XTide. Maandishi yake yako wazi: kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyanakili, kuyasahihisha na kumpa mwenziwe, kwa sharti kwamba apewaye naye asinyimwe ruhusa hiyo hiyo. Watu wengine nao wamechangia masahihisho na vipimo. Sisi tuliozoea visima vya wakfu hatuna haja ya kufafanuliwa sana: anywaye hamzuii ajaye nyuma yake.

Lakini hapa pana mushkili. Programu bila ya vipimo vya bandari ni kata bila ya maji. Vipimo vya bandari za Marekani ni huru, kwa kuwa sheria ya nchi ile haiipi serikali kuu haki ya kuimiliki kazi kama hiyo mbele ya raia wake. Vya bandari nyingi nyingine vina masharti ya wenyewe, hata ikalazimu viwekwe mbali katika faili la pili, lisiloruhusiwa katika biashara. Mtu hupewa kata bure, akifika kisimani akakuta kufuli.

Je, aliyepima maji ana haki ya kutia kufuli? Atatuambia kuwa alinunua chombo, akamlipa mlinzi wake, akakaa mwaka mzima akiandika. Maneno haya si ya kupuuzwa, kwani mwenye kutumika apate ujira wake. Twamwomba msomaji asafiri nasi mpaka bara, maana huko jawabu huonekana waziwazi kuliko hapa kwetu.

Mtu wa pwani akisikia Kitale hukumbuka mahindi, na akisikia Bungoma hukumbuka miwa. Miji hiyo iko mbali nasi zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na bahari haiijui. Lakini ina maji yake ya kuhisabiwa. Mvua inyeshayo Cherangani na Mlima Elgon huteremka kwa vijito vya Kitale, na mito ya Bungoma kama Kuywa huongeza yake, yote yakaingia Mto Nzoia, ukapita Webuye, ukaenda mpaka Budalang'i na Ziwa Viktoria. Nchi inayoumwagia mto huo maji ni zaidi ya kilomita za mraba 12,000. Budalang'i ni tambarare, na matuta ya kuzuia mto yamepata kubomoka mara nyingi. Mwaka 2003 na mwaka 2020 watu wengi walihama makwao.

Hisabu ya mto si kama ya bahari, kwa sababu mwezi huweka ahadi na mvua haiweki. Hata hivyo yawezekana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, pamoja na NASA, walitengeneza hisabu iitwayo CREST, na katika makala yao ya mwaka 2011 waliijaribu kwa Mto Nzoia wenyewe. Huchukua mvua ionekanayo kwa satelaiti na umbo la ardhi, ikakisia kiasi gani kitanyweka na kiasi gani kitakimbilia mtoni. Baadaye hisabu hiyo ilitiwa katika programu ya EF5, ambayo maandishi yake yako wazi. Kata ipo basi. Lakini yataka kulinganishwa na mvua iliyopimwa kweli chini ya mbingu ya Kitale, na kimo cha mto kilichosomwa kweli kwenye nguzo.

Maji ya mvua ya Kitale hukaa njiani kabla ya kufika Budalang'i, na muda huo ndio mama atakaobebea wanawe na nafaka yake. Akiwako mtu mwenye kipimo cha mvua ile, akakifungia kabatini akingoja mnunuzi, hatumwiti mfanyabiashara. Mwenye kuuza chakula chake ana haki. Mwenye kuuza habari ya moto unaomwendea jirani hana. Ujira wa mpimaji ni deni la hazina ya wote, si la yule aliye hatarini.

Wala aliye mtoaji asijione amemaliza. Mwenye kupewa kazi ya kusoma chombo Bungoma, naye akaandika tarakimu akiwa kitandani kwake kwa kuwa leo kuna matope, amewadanganya watu asiowajua wala hatawaona. Twaona kosa lake ni kubwa kuliko la mwenye kabati, kwani kabati lililofungwa hujulikana kuwa limefungwa. Tarakimu ya uwongo huingia katika hisabu ikavaa nguo ya ukweli.

Yabaki swali la dhamana, nalo ndilo huwatisha wengi: kazi ya mikono mingi ikikosea, ashikwe nani? Flater ameonya wazi kuwa hisabu za XTide zisitegemewe katika kuongoza chombo. Wako wanaosema ni kujiosha mikono. Sisi twaona ni uaminifu, ila hautoshelezi, maana onyo hilo hubaki katika programu na saa za maji hutembea mjini peke yake. Dhamana humhamia yule azitoaye kwenye kompyuta akazitia katika simu za wavuvi. Huyo yampasa alinganishe kwanza. Na njia ipo: Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya hupima maji ya Mombasa, na vipimo hivyo huwekwa wazi na kituo cha Chuo Kikuu cha Hawaii kinachokusanya vimo vya bahari duniani. Mwanafunzi wa Kitale ambaye hajapata kuonja maji ya chumvi aweza kuvichukua, akahisabu maji ya Kilindini, akagundua kosa letu la robo saa na kutuletea sahihisho. Naye akituuliza ni nani katika sisi aliyewahi kuuliza habari za nguzo ya Nzoia, tutafute la kumjibu.