Jina la Lorinda

Kwenye kompyuta zetu kuukuu za Linux kuna kalkuleta isiyo na picha wala vitufe. Unafungua dirisha jeusi, unaandika bc, halafu hesabu yako. Vijana wanaipenda kwa sababu haikwepi: ukiandika 2^100 inakupa tarakimu zote 31, bila kukadiria. Siku moja kijana akaniuliza, "Dada, hii aliitengeneza nani?" Nikasoma jina linalotokea inapofunguka, Free Software Foundation. Nikajibu hivyo, nikaendelea na somo.

Nilikosea, au tuseme nilijibu nusu. bc ilianzia Bell Labs, kule New Jersey, Marekani, ikatoka na toleo la 6 la Unix mwaka 1975. Aliyeiandika ni Lorinda Cherry. Nyuma yake kulikuwa na programu kongwe zaidi, dc, ya Robert Morris na huyohuyo Cherry, iliyoandikwa kwa lugha ya B kabla ya C kuwepo. dc ndiyo ilikuwa na nguvu ya kubeba namba ndefu, ila tabia yake ngumu: namba kwanza, alama baadaye. Kujumlisha 2 na 3 unaandika 2 3 + halafu p ndio uone jibu. Cherry akaiweka bc mbele yake. Wewe unaandika 2+3 kama ulivyofundishwa shule, bc inaitafsiria dc, dc inapiga hesabu. Yaani bc ilikuwa mkalimani. Na sisi tunajua mkalimani huwa hatajwi kwenye karatasi.

Lakini bc tunayotumia sisi siyo ile. Ni ya mradi wa GNU, aliyoiandika upya Philip Nelson, na kwa ndani haiitegemei tena dc. Nilipomweleza yule kijana, akabisha: "Sasa kama hamna hata mstari wake mmoja, tunadaiwa nini? Jina halipigi hesabu."

Ana hoja. Nelson alifanya kazi ya kweli, na simnyang'anyi. Ila alipokaa kuandika, alishajua programu iweje, iandikwe vipi, ijibu vipi. Hayo yalikuwa yameshaamuliwa na mwingine. Mtoto aliyezaliwa kambini anaongea Kibembe bila kuiona Fizi, na hakuna anayesema Kibembe kilianzia kambini.

Nabishana naye kwa nguvu kwa sababu mwenyewe nina deni. Binti mmoja wa kikundi chetu alibuni namna ya kugawa na kufuatilia michango. Mimi nikaiandika upya, safi, ikaingia kwenye ripoti kwa jina langu. Nilijiambia kila mstari ni wa mkono wangu, na ni kweli ulikuwa wangu. Wiki iliyopita niliomba ripoti irudishwe niongeze jina lake. Nikaambiwa imeshafungwa. Nimeliandika kwa kalamu kwenye nakala iliyobaki kwetu, na leo jioni naenda kwao kumwonyesha.