Deni lisilo na risiti

Oktoba ikiishia na mawingu ya vuli yakijikusanya, kituo cha Lugoba, kwenye barabara ya Chalinze–Segera, hupata abiria wa aina yake: kijana mwenye begi jipya na ndoo iliyojaa unga. Malori ya kokoto yanapita, vumbi linatua kwenye shati lililopigwa pasi usiku. Mama anafungua pindo la khanga, anatoa noti zilizokunjwa mara nne. "Kasome, mwanangu. Usitusahau."

Je, huyu kijana anadaiwa?

Bodi ya Mikopo, inayompa mwanafunzi bumu, yaani pesa ya kujikimu, ina jibu jepesi: asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Deni la mama ndilo gumu.

Swali hilo si geni. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga sharti la Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lingewaachia asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Rais Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwake, msomi alikuwa amekula chakula cha kijiji.

Lakini deni huanza kwa makubaliano, na mtoto wa darasa la kwanza hakusaini popote. Masheikh wa pwani husema elimu ni amana. Neno hilo linafaa zaidi, ingawa nalo lina mwiba: amana hurudishwa ikiwa nzima, na Lugoba hakuna ofisi inayomngoja mhitimu wa uchumi.

Wiki ya tatu simu inalia bwenini. Ni mdogo wake: "Kaka, bumu limeingia?"